Jakom na Tuta Lake

Jakom alikuwa akilisalimia tuta kabla hajasalimia mtu. Kila asubuhi, mvua iwepo au isiwepo, alivaa gambuti zake nyeusi, akapanda juu ya lile tuta la udongo na mawe lililotutenga na ziwa, akaligonga kwa fimbo hapa na pale kama mtu anayempapasa fahali wake, akasema, "Uko sawa." Ndipo aliposhuka kuja kutuuliza sisi tumelalaje, na jibu letu hakulisubiri.

Jakom kwa Dholuo ni mwenyekiti. Kwetu Nyatike wenyeviti ni wengi kuliko viti, kila kikundi kina wake, lakini ukisema Jakom tu bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema mwenyekiti wa tuta. Watoto wake walimwita hivyo. Hata mkewe, ambaye sisi tulimwita Mikayi kwa heshima ya mke wa kwanza ingawa hakuwa na wa pili, alimwita Jakom, ila yeye alilitamka jina hilo kama mtu anayetema mbegu ya limau.

Mimi niliolewa pale nikitokea Mbita, kwa hiyo hadi leo, nikiwa na wajukuu, bado naitwa nyar Mbita, binti wa Mbita. Boma letu na la Jakom yalitenganishwa na ua wa minyaa tu. Haya ninayoyasimulia niliyaona, na yale ambayo sikuyaona aliniambia Mikayi tukiwa tumekaa chini tunasuka mikeka.

Pale kwetu, chini kabisa ya Macalder, mto Kuja ukifika karibu na ziwa huwa umechoka. Unajilaza, unasambaa, unaweka chini tope lote ulilolibeba kutoka juu. Zamani uliishia katika kinamasi kikubwa cha togo, yale mafunjo marefu yenye vichwa kama nywele zisizochanwa. Kambale, ambao sisi tunawaita mumi, na samaki kamongo walizaliana humo. Sisi wanawake tulikata togo, tukasuka mikeka, tukaezeka. Ziwa lilipopandwa na hasira, mawimbi yaliingia kwenye togo yakafia humo humo kabla hayajatufikia.

Jakom alikichukia kile kinamasi. Alisema ni ardhi ya uvivu. Alisema nchi haiwezi kuendelea ikiwa imejaa vyura. Tuta lilipokuja, na yeye akachaguliwa kulisimamia, jambo la kwanza alilofanya ni kuita watu wafyeke togo pande zote mbili, ndani na nje, wayachome, ili tuta lionekane vizuri kutoka mbali.

"Jakom," mume wangu alimwuliza siku ile moshi ulipotanda, "sasa wimbi likija litapiga nini?"

"Itapiga tuta," akasema. "Ndiyo kazi yake."

"Na likichoka?"

"Tuta haichoki, omera, ndugu yangu. Wewe ndiyo unachoka."

Watu walicheka. Alijua kuchekesha, nakubali, na mtu anayejua kuchekesha hupewa vyeo vingi kuliko anavyostahili.

Alikuwa na lugha tatu na kila moja ilikuwa na kazi yake. Dholuo kilikuwa cha kula na kuzika. Kiingereza kilikuwa cha wageni waliokuja na magari makubwa kulipiga tuta picha. Kiswahili kilikuwa cha kuamrisha. "Dholuo ni laini sana," alituambia. "Ukimwambia mtu toka kwa Dholuo, anafikiri unamkaribisha chai." Kwa hiyo ukimsikia Jakom akianza Kiswahili, ulijua kuna mtu amekosea, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke mwenye beseni la omena.

"Nani ameanika samaki juu ya mali ya serikali?"

"Ni mimi, Jakom. Nafuata jua tu."

"Jua ni ya Mungu. Tuta ni ya serikali. Toa!"

Mbuzi aliwafukuza, watoto aliwafukuza, wachumba waliopenda kukaa pale juu jioni wakitazama ziwa aliwafukuza. Kanisani, kila Jumapili, mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, Jakom alisimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya tuta. Kwenye matanga ndiko kulikuwa na vioja. Kama marehemu aliwahi kubeba mawe ya tuta, Jakom alimsifu mpaka mjane akasahau kulia. Kama hakubeba, alisema, "Huyu tunamwachia Mungu," akakaa chini.

Na mtu huyu, mlinzi wetu dhidi ya maji, alikuwa akiyaogopa maji kuliko kuku. Hakujua kuogelea. Sikuwahi kumwona akipanda mashua. Akiwa na safari ya Mbita, ambako watu wote wa kwetu walivuka kwa boti na kufika wakiwa bado wameshiba chai ya asubuhi, yeye alizunguka kwa barabara mpaka Homa Bay mjini, akashuka tena upande wa pili, akafika amejaa vumbi, akadai kwamba alikuwa akikagua nchi. Wali aliupenda, samaki hakumpenda. Nilimwona akimtoa mumi kwenye sahani kwa ncha ya kidole na kumrudishia Mikayi. "Huyu anakula matope," alisema. Mikayi alimla mwenyewe, mbele yake, taratibu, mpaka kichwa.

Lakini nisimfanye kuwa mtu wa namna moja, maana hakuwa hivyo, na hilo ndilo lilinikera zaidi. Mtu mbaya kabisa hakusumbui, unamjua, unampita. Jakom hakuwahi kula peke yake. Ukipita kwake saa ya chakula uliitwa, hata kama asubuhi ile alikuwa amekutukana. Mwanamke mmoja wa upande wa mto alipoungua mkono, ni yeye aliyemsindikiza hospitali na kukaa naye kwenye benchi siku nzima, akigombana na wauguzi kwa Kiswahili. Siku ya pili akamfokea kwa sababu punda wake amekanyaga ukingo wa tuta.

Kisha ikaja ile mvua ambayo haikukatika.

Sote tulikuwa tukilitazama ziwa, na Jakom akituongoza kulitazama. Maji hayakutokea ziwani. Yalitokea nyuma yetu. Mto ulivunja kingo zake huko juu, mahali ambapo tuta halikufika, ukashuka kwa mlango wa nyuma, ukaingia mashambani, ukaingia nyumbani. Tungekuwa na kinamasi bado, maji yangepita miguuni mwetu yakaenda zake ziwani. Lakini mbele palikuwa na tuta, imara, bila ufa, kama Jakom alivyokuwa akitamba. Maji yakafika pale yakasimama. Tukawa tumekaa ndani ya beseni.

Yalisimama wiki, yakasimama nyingine. Mahindi yalioza yakiwa yamesimama. Vyoo vilijaa vikatapika. Kuta za udongo zilianza kulainika kutoka chini kama mkate uliochovywa kwenye chai, nyumba ikakaa chini polepole huku wenyewe wakitazama. Nje ya tuta, ziwa lilikuwa chini yetu. Tuliliona kwa macho yetu: maji yetu juu, maji ya ziwa chini, na katikati tuta la Jakom.

Nyumba yake ilikuwa kwenye mwinuko, na hapo nitasema haki yake. Aliifungua. Familia tatu zililala sebuleni kwake, yetu ikiwa mojawapo, na nyingine kwenye ghala. Uji wake ulinywewa na kila mtu, na mkono uliokoroga ulikuwa wa Mikayi. Aliwatandikia wazee kitanda chake, yeye akalala kwenye kiti. Na asubuhi wanaume walipomfuata kumwomba ruhusa ya kulikata tuta, maji yatoke, alivaa gambuti, akaenda kusimama juu yake na fimbo.

"Hakuna mtu atagusa. Nimeongea na injinia. Italetwa pampu."

"Italetwa lini, Jakom?"

"Italetwa."

Aliwalisha watu wale wale aliowafungia ndani ya maji, na sidhani kama siku hata moja aliona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Halafu mtoto akafa. Alikuwa mtoto wa yule mama aliyeungua mkono, msichana aliyekuwa ameanza kutembea tu. Alihara, akakauka, akaenda. Kwao palikuwa maji. Kwetu palikuwa maji. Mahali pakavu palikuwa penye nyumba ya Jakom, ambapo watu walikuwa wamelaliana, na juu ya tuta. Baba wa mtoto alikwenda kumwomba Jakom amzike pale juu, pembeni kabisa, kaburi dogo.

Nilikuwepo. Jakom alivua kofia. Alimshika yule baba mkono kwa mikono yake miwili, akampa pole kwa Dholuo, machozi yakiwa yanamlengalenga. Kisha akasema, "Lakini hapa hapana, ndugu yangu. Tukichimba hapa, udongo italegea."

Kwa Kiswahili. Hilo la udongo alilisema kwa Kiswahili.

Wakambeba mtoto mpaka kwa wajomba zake huko juu, wakitembea ndani ya maji ya kiuno, sanduku likiwa kichwani kwa baba. Mikayi aliwatazama mpaka walipopotea nyuma ya mahindi yaliyooza. Alirudi jikoni akamaliza kuosha vikombe.

Kesho yake Jakom aliondoka kwenda Macalder kumsubiri injinia na hiyo pampu. Alipopotea machoni tu, Mikayi akatoka jikoni na jembe begani. Alipita katikati yetu sote kana kwamba anakwenda kupalilia. Nikamfuata kwa sababu sikuamini. Wanawake wengine wakanifuata mimi.

Alipanda juu ya tuta, akatema mate mikononi.

"Mikayi," nikamwambia, "utashtakiwa."

"Nishtakiwe," akasema. "Kama ni kufungwa, afadhali nifungwe nikiwa mkavu."

Akapiga jembe la kwanza. Udongo ulikuwa mgumu, jembe likaruka. Akapiga tena. Ndipo sisi wengine tukaingia, kwa majembe, kwa mapanga, kwa sufuria. Tulichimba mfereji wa upana wa mkono tu. Maji yenyewe yalifanya kazi iliyobaki. Yalianza kupita kama yanayoona aibu, kisha yakapata ujasiri, kisha tukawa tunakimbia kurudi nyuma tukishikana nguo, kwa maana tuta lilikuwa likimeguka vipande vikubwa kama nyumba na kuondoka mbele ya macho yetu. Jioni, kwa mara ya kwanza, niliona sakafu ya nyumba yangu. Ilikuwa matope na kambale mmoja, lakini ilikuwa yangu.

Jakom alirudi bila pampu. Alisimama penye pengo akalia kwa sauti. Nimemwona akihudhuria mazishi ya watu wengi, na ya ndugu zake wawili, sijapata kumsikia akilia vile.

Usiku ule, Mikayi aliniambia baadaye, Jakom alilikuta lile jembe limeegemea ukuta wa jikoni, lina udongo mwekundu wa tuta mpaka kwenye mpini. Udongo huo ulibebwa kwa malori kutoka mbali. Kwetu hakuna mwekundu kama ule. Alilitazama. Hakumwuliza mkewe neno. Alichukua maji akaliosha mwenyewe, akalifuta kwa shati lake, akalirudisha mahali pake.

Na asubuhi akaenda kwa chifu kunishtaki mimi.

"Huyu nyar Mbita," alisema mbele ya baraza, akininyooshea fimbo, "ndiye alileta kiburi ya visiwani hapa. Watu wetu hawajui mambo kama haya. Ni yeye alianza."

Chifu alikuwa mtu wa makamo, mchovu, suruali yake ina matope kama zetu. Aliwatazama wanawake wote. "Na wewe Mikayi, ulikuwa wapi?"

Kabla Mikayi hajafungua mdomo, Jakom akamjibia: "Alikuwa jikoni."

Baraza zima lilijua. Mtu mmoja nyuma alikohoa kwa njia ambayo haikuwa kikohozi. Mikayi aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka. Mimi nilihukumiwa, pamoja na wenzangu, kulirudisha tuta kama lilivyokuwa. Hatukulirudisha. Hatukupata hata nafasi ya kukataa. Ziwa lilipanda mwaka ule kama lilivyopanda kote, Homa Bay na kwingine, likala lile pengo, likala kulia na kushoto, na tuta likabaki visiwa viwili vitatu vya mawe vilivyofungwa kwa waya uliokatika.

Mashamba ya mbele yote yakawa ziwa. Shamba letu lilikuwa mojawapo. Mume wangu bado hulionyesha kwa kidole akiwa kwenye mashua: pale palikuwa na mahindi, pale palikuwa na mti wa kivuli.

Walipokuja vijana wa mazingira kutuambia kwamba dawa ni kuliachia ziwa mahali lilipofika na kurudisha togo, Jakom alisimama kwenye mkutano akawauliza kama wamewahi kula togo. Watu walicheka tena. Lakini safari hii walicheka kidogo, na Mikayi akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu, akasema, "Mimi nitapanda." Akakaa.

Tulipanda. Tulikwenda na mashua kwenye mabaki ya kinamasi upande wa mto, tukakata vile vikonyo vya chini vyenye macho, tukavileta tukavichomeka kwenye tope, maji yakiwa ya magoti. Mara ya kwanza mawimbi yaling'oa kila kitu, tukakuta togo letu limetupwa ufukweni kama mboga zilizokataliwa sokoni. Mara ya pili viboko walikula. Magugu maji yakaja yakafunika yaliyobaki. Jakom alikuwa akija kila jioni kututazama tukishindwa. Alisimama tu na gambuti zake na kutikisa kichwa.

Ni Mikayi aliyegundua kwamba kuna mahali pamoja ambapo togo limekamata: nyuma ya yale mabaki ya mawe ya tuta, ambapo wimbi lilikuwa linavunjika kabla ya kufika. Tukaanzia hapo. Tukapanda kivulini mwa mawe, na lilipopata nguvu likasambaa lenyewe, kulia na kushoto, mpaka mawe yakafunikwa.

Siku Jakom alipoliona limesimama refu kuliko mtu, alicheka mpaka akashika magoti.

"Si niliwaambia?" akatupigia kelele. "Si niliwaambia tuta itawafaa?"

Nilikuwa na panga mkononi, na namshukuru Mungu kwamba nililiweka chini.

Kikundi cha togo kilipoundwa kilihitaji mwenyekiti. Sina haja ya kusema ni nani. Nilipiga kura ya kumkataa, na nilikuwa karibu peke yangu. Wanawake wenzangu walisema, "Nyar Mbita, ni nani mwingine ataweza kuwafokea wenye ng'ombe?" Na hilo lilikuwa kweli. Alihamia kwenye togo na kila kitu chake: gambuti, fimbo, ushuhuda wa Jumapili. Alibadilisha kitu alichokipenda, namna ya kupenda hakuibadilisha. Asubuhi aliligonga togo kwa fimbo akaliambia, "Uko sawa." Wageni walipokuja na magari makubwa, aliwaeleza kwa Kiingereza jinsi alivyopigania kinamasi maisha yake yote.

Mwanawe wa kiume, aliyekuwa amemaliza shule na hana kazi, alichoma kipande cha togo wakati wa kiangazi apande matikiti. Jakom alimkuta majivu yakiwa bado moto.

"Hii ni mali ya umma! Toka!"

"Mzee, wewe mwenyewe ndiye ulituchomesha hii kitu tukiwa watoto."

"Toka!"

Akampeleka kwa chifu, mwanawe wa kumzaa. Kijana akahama, akaenda kuchimba dhahabu Macalder, wakakaa miaka bila kusemezana. Togo likaota tena pale pale. Nakiri kwamba bila Jakom lisingekuwepo. Ng'ombe wangekula nusu na watu wangechoma nusu. Leo ziwa likichafuka tunalisikia linanguruma huko mbele, na nyumbani maji hayatikisiki hata kwenye ndoo. Mumi wamerudi. Lakini mtu anaweza kufanya jambo la maana na bado ukatamani angelifanya mtu mwingine.

Mikayi aliugua tumbo, akapungua, akafa. Tulimzika nyumbani kwake, kwenye ule mwinuko. Watu walitoka mpaka Gwasi, kwao alikozaliwa. Jakom alisimama kuzungumza, na mimi nikamngojea, nikasema leo, leo atasema. Alizungumza muda mrefu sana. Alizungumza juu ya togo, juu ya upana wake, juu ya mkutano ujao wa wanachama. Alipofika kwa mkewe alisema, "Alikuwa mpishi mzuri." Kisha akakaa.

Baada ya hapo sikuvuka tena ua wa minyaa. Tulisalimiana kwa mbali. Miaka ilipita hivyo.

Mwaka jana kaka yangu alinipigia simu kutoka Mbita. Ziwa limewaingilia, akasema, limeangusha ukuta wa mawe waliojenga ufukweni, na sasa watu wamegawanyika: wengine wanataka ukuta mwingine mrefu zaidi, wengine wanasema wajaribu togo kama sisi. Wamemwita mtaalamu kutoka huku kwetu Nyatike aje azungumze. Nikamwuliza ni nani. Aliponiambia, nilipanda boti ya kesho yake asubuhi.

Mkutano ulikuwa kanisani. Jakom alikuwa amekwisha kufika, kwa barabara, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amezeeka, jicho moja lilikuwa na ukungu, na alishika meza alipokuwa akisimama. Sauti ilikuwa ile ile. Mimi nilikaa katikati, nyuma ya mama mnene, na sikumsalimia.

Alisimulia vizuri. Alisimulia maji yaliyotoka nyuma, nyumba zilizokaa chini, mpaka watu wa kwetu Mbita wakawa wanashika mashavu. "Tuta ilikuwa imefunga maji ndani," alisema. "Nikaona watu wangu wataisha. Nikawaita akina mama. Nikawaambia, chimbeni!"

Watu wakapiga makofi. Nikashika benchi la mbele ili nisimame nimkanushe. Na wakati huo huo niliona kaka yangu, aliyekuwa kichwa cha wale waliotaka ukuta, ameegemea mbele, mdomo wazi, akitikisa kichwa kukubali. Shamba la baba yetu liko kwenye ufuko ule. Kaburi la mama liko pale.

Mzee mmoja akauliza, "Jaduong', mzee wetu, na tutajuaje kama ni kweli? Wewe mwenyewe ulikata ukuta wako?"

Jakom alifungua mdomo, na lile jicho zima likazunguka chumba likanikuta. Nilimwona akiogopa. Lakini Jakom hakuwahi kurudi nyuma hata mara moja maishani mwake.

"Huyu hapa nyar Mbita," akasema. "Binti yenu. Alikuwepo. Simama, useme kama nadanganya."

Nikasimama. Kanisa lote liligeuka.

"Tuta lilikatwa," nikasema. "Hilo ni kweli. Maji yakatoka, tukapona. Tukaacha kujenga, tukapanda togo nyuma ya mawe yaliyobaki, na linatulinda mpaka leo. Msijenge ukuta mwingine. Pandeni nyuma ya huo ulioanguka." Nikamgeukia Jakom. "Lakini aliyepiga jembe la kwanza ni mke wake. Aliitwa Atieno, nyar Gwasi."

Nikakaa. Jakom aliketi chini polepole, akiutafuta mgongo wa kiti kwa mkono. Mkutano uliendelea bila yeye. Kabla ya chakula walikuwa wamekubaliana kuyaacha mawe yalale yalipoangukia na kupanda nyuma yake, na kaka yangu ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

Nilitoka nje kungoja boti. Nilisikia gambuti zikija nyuma yangu kwenye kokoto.

"Umesema vizuri," akasema Jakom kwa Dholuo.

Nikaendelea kulitazama ziwa.

"Lakini umesema chini chini. Watu wa nyuma hawakusikia jina."

Nikageuka. "Sauti si unayo wewe? Nenda uwaambie."

Alinitazama kwa lile jicho zima kana kwamba nimemwambia apande mashua. Kisha akageuka akarudi kanisani, akiupapasa mlango. Sahani zilikuwa zikigawanywa, watu wakizungumza kwa pamoja. Halafu nikalisikia lile koo likisafishwa, na sahani zikanyamaza.

"Sikieni!" akapiga kelele, kwa Kiswahili. "Atieno nyar Gwasi! Huyo ndiye alichimba! Mimi nilikuwa Macalder! Mimi ndiye nilikataza!"

Watu wa boti waliacha kupakia mizigo wakageuka kutazama. Hata kukiri, Jakom alikiri kwa kuamrisha.